Majina Mawili Langoni

Asiyemjua Mildred angedhani ni watu watatu wanaopokezana zamu katika duka moja.

Duka lenyewe ni la maziwa, pale Kimumu, pembeni mwa Eldoret, ukishapita kanisa la mabati na kabla hujafika kwa fundi wa baiskeli. Asubuhi huja Jepkosgei na pikapu yake kutoka kijijini Ziwa, mitungi ikigongana nyuma, na kabla hata hajazima gari huita kupitia dirishani, "Chamge, wajina!" Mildred humjibu kwa Kinandi, wakaongea habari za ng'ombe na za mvua huku wakisaidiana kushusha mitungi. Baadaye kidogo huingia Nangila, mke wa Walubengo, karani wa stoo ya mahindi. Yeye husema "Mulembe, Nanzala," akajibiwa Kibukusu safi cha Kimilili. Jua likishapanda huja Mama Waiyego, ambaye mumewe Gichuru ana duka la misumari na mabati barabarani. "Wĩ mwega, Waceke?" Na Waceke humjibu kwa Kikikuyu, akamuulizia magoti yake yanayomsumbua wakati wa baridi.

Hakuna aliyedanganywa. Majina yote yalikuwa yake. Nanzala alipewa na babake, Wasike, mwashi kutoka Kimilili. Waceke alipewa na mamake, Nyakio, kumkumbuka bibi mzaa mama, na kwa sababu hiyo Nyakio hakumwita mwanawe kwa jina hilo ila "Mami," kama mtu anayemwita mamake mwenyewe. Shida ni kwamba kila mteja alilijua jina moja tu, na Mildred hakuwahi kumsahihisha yeyote. Ilitokea mara nyingine Nangila na Mama Waiyego wakagongana mlangoni. Hapo Mildred aligeukia Kiswahili, akapima maziwa upesi upesi, akainama chini ya kaunta kutafuta kitu ambacho hakikuwepo mpaka mmoja wao aende zake.

Tabia hiyo aliipata utotoni. Walikuwa wakiishi Kiplombe, kwenye ploti iliyopakana na shamba la Mama Jepkosgei, na Mildred alikuwa darasa la sita mwaka ule wa vita vya uchaguzi. Wanaume walipokuja kuwatafuta Wakikuyu, Wasike alikuwa Kitale kwenye mjengo na barabara zimefungwa. Nyakio alitorokea nyuma ya zizi na nguo alizovaa tu. Mildred alikuwa kwa jirani, anacheza. Mama Jepkosgei alimvuta ndani, akamfunga leso kichwani, akamwambia maneno machache kwa Kinandi: "Wakikuuliza, wewe ni Jepkosgei." Jepkosgei mwenyewe, ambaye walikuwa hirimu moja, alikuwa Kapsabet kwa nyanyake.

Wakauliza. Mmoja wao alikuwa na uso wa upole, kama mwalimu. Mildred akajibu kwamba yeye ni Jepkosgei, na yule mtu akamgusa begani akapita. Kwa wiki kadhaa baadaye, kule Ziwa alikopelekwa kufichwa, aliitika jina hilo, akala na kulala nalo. Kilichomtisha alipokua mkubwa si wale wanaume. Ni jinsi jina lile lilivyomtoka mdomoni bila kukwama.

Nyakio hakurudi Eldoret tena. Alikimbilia Ol Kalou kwa kaka yake, akakaa hukohuko, akisema ile harufu ya moshi haijamtoka puani. Wasike naye alikataa kwenda kuishi kwa shemeji. Hawakuachana, hawakugombana, waliishi tu katika nyumba mbili zilizo mbali, wakipigiana simu, mpaka Wasike alipougua akafa. Alizikwa Kimilili. Pale matangani Mildred alimsikia shangazi akimwelekeza mtu: "Huyu ndiye yule binti wa Mkikuyu." Krismasi iliyofuata alikwenda Ol Kalou, na binamu zake, kwa utani tu, wakawa wanamwita "Mluhya wetu," kwa kuwa Wabukusu ni Waluhya. Alicheka nao. Aliporudi nyumbani kwake Kimumu, chumba kimoja nyuma ya duka, alijifungia akanywa chai peke yake, na ikampata hisia kwamba hapo ndipo mahali pekee duniani ambapo hakuna mtu wa kumweleza mwingine yeye ni nani. Kisha akaona kwamba hapo hapana mtu kabisa.

Sasa, Maurice, mwana wa Nangila, na Waiyego, binti wa Gichuru, walipendana. Walijuana kanisani, kwaya ikawakutanisha, na watu wa Kimumu walijua kabla wazazi hawajajua. Wazazi walinuna kidogo pande zote mbili, wakatulia, siku ya ruracio ikapangwa: watu wa Maurice wangekwenda nyumbani kwa Gichuru kuzungumza mambo ya mahari.

Nangila alikuja dukani mapema asubuhi moja, akaegemea kaunta. "Nanzala, mwanangu, sisi hatuna watu wengi huku. Wengi wako nyumbani Bungoma. Nataka uje na sisi. Wewe ni kama dada ya Maurice. Utabeba hata kikapu tu, watuone tuko na wasichana wetu."

"Sawa, mama," Mildred akasema.

Siku hiyohiyo mchana akaja Mama Waiyego. "Waceke, unajua shughuli yetu. Nakutaka jikoni, lakini sio kama mtu wa kazi, la. Kama shangazi ya Waiyego. Dada zangu wote wako mbali."

"Sawa, mama," Mildred akasema tena.

Alikuwa na nafasi ya kusema. Alikuwa na siku nyingi za kusema. Kila asubuhi alijiambia atamweleza Nangila akija, na Nangila alipokuja alimkuta amefurahi kiasi kwamba aliishia kumpimia maziwa tu. Tangu mazishi ya babake hakuna mtu aliyekuwa amemwambia njoo uwe wetu, na hapa walimwambia wawili. Alitaka kuwa dada ya Maurice. Alitaka pia kuwa shangazi ya Waiyego. Akaamua, jinsi mtu anavyoamua akiwa hataki kuamua, kwamba ataingia kwa Gichuru mapema, akae jikoni, na kule ndani hakuna atakayemwona. Kwa Nangila alituma ujumbe kwamba atawakuta mbele.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya jua kali baada ya mvua. Alifika na maziwa, akajifunga leso, akamenya viazi na wanawake wa Gichuru, akacheka nao. Waiyego alikuja mara moja kumkumbatia, mikono ikinukia mafuta ya nywele. Mildred alikuwa amesahau woga wake wote mtu alipopaza sauti kwamba wageni wamefika.

Kule kwa Wakikuyu lango halifunguliwi hivihivi. Wanawake wa nyumbani husimama ndani, wageni nje, wakaimbiana, hawa wakiuliza mnataka nini, wale wakijibu, mpaka nyoyo zichangamke ndipo lango lifunguliwe. Mama Waiyego akamshika Mildred mkono. "Twende, Waceke, wewe uko na sauti."

"Acha niangalie viazi, mama."

"Viazi vitajiangalia. Twende!"

Akavutwa. Akajikuta mstari wa mbele, mikono imeshika vyuma vya lango, na upande wa pili, umbali wa pua na pua, akasimama Nangila na kitambaa kipya cha kichwa, kikapu mkononi. Nangila alikuwa anaimba. Akaacha.

"Nanzala? Wewe umefikaje huko ndani?"

Nyimbo zikapungua, moja moja, kama redio inayoishiwa betri.

"Nanzala ni nani?" Mama Waiyego akauliza. "Huyu ni Waceke. Ni mtoto wetu."

"Mtoto wenu? Huyu ni binti ya Wasike wa Kimilili. Mimi namwongelesha Kibukusu kila siku ya Mungu."

"Na mimi namwongelesha Kikikuyu!"

Wote wakamwangalia. Vijana nyuma wakaanza kucheka. Mildred alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuna lugha iliyokuja. Alikuwa na tatu, nne ukihesabu Kiswahili, na zote zilimwacha hapohapo langoni.

"Ni kweli," akasema mwishowe, kwa Kiswahili. "Baba ni Wasike. Mama ni Nyakio. Yote ni kweli."

Aliyeokoa mambo ni Mzee Mungai, kaka mkubwa wa Gichuru na msemaji wa familia, mtu anayependa utani. Alipasua kicheko, akasema huyu ni zawadi kutoka kwa Mungu, wazee wa pande zote watazungumza kwa lugha za mama zao na huyu atafasiri, hakuna haja ya kuvunja meno na Kiswahili. Watu wakacheka, lango likafunguliwa, nyimbo zikaanza tena. Chini ya hema wageni waliketi kushoto, wenyeji kulia. Mtu akaleta kiti cha plastiki, akakiweka kwenye nyasi tupu katikati.

"Keti hapo, msichana," Mzee Mungai akasema.

Akaketi. Hakuna aliyeketi karibu naye upande wowote.

Mwanzoni kazi ilikwenda vizuri, hata aliifurahia. Mzee Mungai akipamba maneno kwa Kikikuyu, yeye aliyageuza kwa Kibukusu na mapambo yake, mpaka wageni wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mzee Lawrence, mjomba wa Maurice, alijibu kwa Kibukusu naye akayavusha. Lakini walipofika kwenye jambo lenyewe la mahari, sauti zikawa nzito. Mungai alitaja walichotaka. Lawrence alimgeukia Walubengo, akanong'ona kwa Kibukusu, ila mnong'ono wa mzee asiyesikia vizuri husikika hema nzima: "Hawa wanatuuzia msichana kama wanauza ploti."

"Amesema nini?" Mzee Mungai akauliza.

Wageni wote walimkazia Mildred macho. Nangila alishika kitambaa chake cha kichwa.

"Amesema wamesikia," Mildred akasema kwa Kikikuyu. "Wanaomba muda kidogo wazungumze wenyewe."

Wageni walipokuwa pembeni wakishauriana, shangazi mmoja aliyetoka Nakuru, amekaa safu ya nyuma, akasema kwa Kikikuyu, bila kujali, kwamba watu hawa wakiachiwa watamaliza kuku wote wa Kimumu kabla hawajataja kitu cha maana. Wenyeji wakacheka sana. Wageni waliokuwa wanarudi wakakuta kicheko.

"Kuna nini cha kuchekesha?" Mzee Lawrence akauliza.

"Wanasema chakula kiko tayari," Mildred akamjibu kwa Kibukusu. "Wanaogopa kuku watapoa."

Basi mambo yakaisha salama. Walikubaliana, wakaomba, wakala, Waiyego akatolewa nje pamoja na wenzake, wote wamefunikwa kanga, Maurice akamtambua miongoni mwao bila kukosea, vigelegele vikapigwa. Kama ungepita barabarani ungesema ni sherehe njema, na ungekuwa hujakosea.

Mildred alipokwenda kuchukua maji karibu na wageni, waliokuwa wanaongea Kibukusu wakanyamaza. Alipoingia jikoni, wale wanawake aliomenya nao viazi asubuhi wakanyamaza pia, na mmoja akasema kwa Kiswahili, kwa heshima kubwa, "Karibu, dada, unataka sahani?" Hapo akaelewa. Kila upande ulijua ameufichia maneno yake. Wageni walijua hakusema neno la Lawrence, na wenyeji walijua hakusema neno la shangazi wa Nakuru. Walishukuru, wote. Lakini kila mmoja alishajiuliza: kama anaweza kuwaficha wao maneno yetu namna hii, na sisi anatuficha maneno yao mangapi? Na miaka hii yote, pale dukani, tumesema nini mbele yake?

Alikula amesimama karibu na tangi la maji. Akaondoka bila kuaga wengi.

Jumatatu Nangila hakuja. Alimtuma msichana wake wa kazi na kopo. Mama Waiyego alikuja mwenyewe, lakini aliposimama mlangoni alisita, kisha akasema, "Habari ya asubuhi, Mildred." Kwa Kiswahili. Mildred akamjibu kwa Kikikuyu kama kawaida yao, akamuulizia magoti. "Ni mazuri, asante," mama akasema, bado kwa Kiswahili, akachukua maziwa yake.

Ikawa hivyo. Hakuna aliyemtukana wala kuacha kununua. Ni salamu tu zilizobadilika, moja baada ya nyingine. Wale wateja wa Kibukusu waliokuwa wakikaa kwenye kreti za soda wakisimulia habari za nyumbani, sasa walinunua wakaenda. Alikuwa ametamani siku zote watu wamjue mzima mzima. Sasa walimjua, na kwa kumjua wakampa Kiswahili, lugha unayomsalimia nayo mgeni.

Jumapili mamake alipiga simu kutoka Ol Kalou, kama kawaida yake akitoka kanisani. Mildred alimweleza yote.

"Na walikuweka wapi, Mami?" Nyakio akauliza. "Uliketi upande gani?"

"Katikati. Kwenye nyasi."

Nyuma ya simu kuku wa Ol Kalou walikuwa wakilia.

"Mimi ndiye niliyekuacha hapo," mamake akasema. "Siku ile nilipita nyuma ya zizi, nikasikia sauti yako kwa jirani. Ningeweza kuita. Nikafikiri, akiwa na mimi watamjua. Akiwa peke yake hawatamjua."

"Ulifanya vizuri, mama. Hawakunijua."

"Ndiyo. Lakini sikujua haitaisha."

Walikuwa hawajawahi kuzungumza jambo hilo, na hawakuendelea nalo. Nyakio alimuuliza kama amekula, akamwambia avae sweta, wakakata simu. Mildred aliketi kitandani na simu mkononi. Hakulia. Alimwonea mamake huruma, na kwa mara ya kwanza akajionea na yeye mwenyewe.

Jepkosgei peke yake hakubadilika, maana yeye alijua kila kitu tangu zamani. Alisikia habari za langoni, akacheka mpaka akashika mtungi. "Wajina, ungewaambia pia wewe ni Mnandi, wakazimia!" Kisha akamtazama vizuri, akaacha kucheka, akakaa kidogo zaidi ya kawaida. Lakini maziwa hayasubiri, alikuwa na maduka mengine ya kupitia.

Harusi ilifanyika. Mildred alialikwa kwa kadi, akaketi na majirani. Miezi ikapita, na mchana mmoja, saa ile ambayo duka huwa halina mtu, akaingia Waiyego. Tumbo lilikuwa limeanza kuonekana. Alikaa kwenye kreti bila kukaribishwa, akazungusha pete kidoleni.

"Auntie, naweza kukuuliza kitu? Huyu mtoto. Kwa kina Maurice wanasema ni Mbukusu, hakuna mjadala. Mama anasema nikimnyima Kikikuyu nitakuwa nimemtupa. Wewe umeishi hivyo. Ni sawa tu, si ndio? Anazoea?"

Mildred alijua jibu ambalo Waiyego alilifuata. Lilikuwa jepesi, na alikuwa hodari wa kugeuza maneno yakawa laini. Alimimina maziwa kwenye kikombe, akampa.

"Atazoea," akasema. "Atajua kuongea na kila mtu. Watu watampenda. Lakini kuna siku atakuwa mpweke, Waiyego, hata nyumba ikiwa imejaa watu wake. Akikuambia hivyo, usimwambie anakosea. Mimi waliniambia ninakosea, nikaacha kusema."

Waiyego aliweka kikombe chini. "Sikuja kuambiwa hivyo," akasema, machozi yakimlengalenga.

"Najua."

Akaondoka bila kumaliza maziwa, na Mildred aliosha kikombe akijilaumu. Hakumwona tena mpaka mtoto alipozaliwa, msichana, na Maurice akaja dukani kusema, huku akikuna shingo, kwamba Waiyego anamtaka nyumbani.

Alikwenda Jumapili mchana na lita za maziwa na sweta ndogo. Sebule ilijaa: Nangila na dada zake kwenye kochi moja, Mama Waiyego na wanawake wa kanisa lake kwenye lingine, maongezi ya lugha mbili yakipishana juu ya meza. Alipoingia yakanyamaza kidogo. Mwanamke mmoja asiyemfahamu akamtazama juu mpaka chini, akauliza kwa ukarimu tu, "Na huyu ni wa upande gani? Wa baba ama wa mama?"

Mildred alikuwa anatua maziwa mezani wakati Waiyego alipojibu akitokea chumbani, amemshika mtoto kifuani.

"Amekuja kwangu."

Yule mwanamke akasogea, akampa nafasi. Waiyego akamwekea mtoto mapajani. Alikuwa mwepesi kuliko Mildred alivyodhani, ngumi zimekunjwa, usingizini. Nangila aliinama, akamrekebishia shuka, akasema, "Mshike kichwa vizuri." Mama Waiyego akamletea chai. Maongezi yakarudi taratibu, sasa kwa Kiswahili, wote, na Mildred alijua ni kwa sababu yeye yuko pale.

Alikaa mpaka mtoto akaamka akamtaka mamake. Kisha akaaga, akavaa viatu mlangoni, akaelekea nyumbani kabla mvua haijanyesha. Alipofika kwenye kona akasikia, kupitia dirisha lililo wazi, lugha zile mbili zikianza tena.